Anord Shemweta na Ufa Nyuma ya Kabati

Anord Paskali Shemweta alikuwa mtu mwoga. Familia imekubaliana liandikwe hivyo, kwa sababu mwenyewe hakulificha, na maisha yake hayasimuliki bila hofu hiyo.

Alizaliwa Vuga tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Paskali Shemweta na mama Rahabu, aliye nasi hapa. Akiwa na miaka saba, aliinuka kwenye kigoda jikoni kwa bibi yake kumfukuza kuku, na nyuma yake ukuta uliolowa mvua ukakiangukia kile kigoda. Tangu siku hiyo hakulala kwenye kitanda kinachogusa ukuta. Wadogo zake walimcheka, lakini yeye alikisogeza kitanda katikati ya chumba, wakawa wanakizunguka kama meza.

Alisoma shule ya msingi Vuga kuanzia 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Lushoto hadi 1992. Mwaka 1993 alikwenda Tanga kujifunza upigaji picha, na mwaka 1996 akafungua studio yake karibu na soko la Lushoto. Alipiga picha za vitambulisho, za kipaimara na za harusi. Tarehe 3 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Evelina, binti wa kutoka Shume, ambaye usiku wa kwanza alikuta kitanda katikati ya chumba, asiulize kitu. Walijaliwa watoto wawili, Modesta na Kristian.

Mwaka 2014 madalali walianza kutangaza nyumba kwa simu, naye akawa mpiga picha wao. Agosti 2018 dalali aitwaye Ernest alimpeleka Magamba, kwenye nyumba iliyojengwa chini ya ngema, ukingo wa mlima uliochongwa wima. Chumba cha nyuma kilikuwa na ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Anord aliupiga picha. Ernest akacheka.

"Wewe Anord, picha ya mchumba unaanza na kidonda?"

"Kama anaoa, akione."

"Ataona akishaoa. Sukuma hilo kabati, jua linazama."

Anord alilisukuma kabati mbele ya ufa, akapiga picha ya pili. Ndiyo iliyotangazwa. Ile ya kwanza hakuifuta.

Januari 2019 nyumba hiyo ilinunuliwa na Mwalimu Salama, mgeni kutoka Tanga, pamoja na lile kabati. Masika yalipoanza, Anord aliacha kula vizuri. Mvua ikigonga bati, alitoka nje na kutazama juu Magamba, ambako hakukuonekana kitu ila ukungu. Mara tatu alipanda hadi kwenye uzio wa mwalimu, na mara tatu akarudi. Alimwogopa Ernest, na aliiogopa aibu. Zaidi ya yote aliwaogopa watoto wawili wa mwalimu, Lulu na Jofrey, waliomkimbilia kila mara na kumwambia, "Shikamoo, baba!" Aliitikia marahaba na kushuka mlima haraka, kama mtu aliyeiba. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba salamu ile inamchoma.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 2019, alipanda mara ya nne, kwenye mvua, na picha ya kwanza ndani ya mfuko wa nailoni. Alibisha hodi, akaitoa.

Mwalimu Salama aliitazama picha, akautambua ukuta.

"Chumba hiki wanalala wanangu," alisema. "Kaka, ulipopiga hukuona?"

"Niliona, Mwalimu. Mimi ndiye niliyelisukuma hilo kabati."

Alingoja atukanwe. Mwalimu alikwenda chumba cha nyuma, akashika kabati upande mmoja.

"Basi shika huko. Tulitoe."

Kwenye picha ufa ulitosha njiti ya kibiriti. Siku hiyo kiganja kizima kilipita. Kabla ya saa sita mchana, vitanda vya watoto vilikuwa sebuleni.

Siku kumi na moja baadaye, mchana wa tarehe 3 Mei, mama na wanawe wakiwa shuleni, ngema ilishuka na ukuta ukalala pale pale vilipokuwa vitanda kabla ya kuhamishwa. Habari ilimkuta Anord sokoni. Aliketi juu ya gunia la kabichi, akauliza tena na tena hata baada ya kuambiwa kwamba wote ni wazima. Wiki iliyofuata alizipeleka picha zote mbili kwenye baraza la kata, akasema mbele ya watu alichofanya.

Toka hapo hakupiga picha ya nyumba bila kibiriti mfukoni. Kila ufa aliuwekea njiti, mnunuzi apime kwa macho yake. Madalali wengi walimkimbia. Alizipiga nyumba alizopata.

Novemba 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hospitali walimwonyesha picha ya moyo wake uliotanuka. Akamwuliza daktari, "Hiyo ndiyo yenyewe? Hamjasukuma kabati?" Daktari hakuelewa. Evelina ndiye aliyecheka, halafu akageuka ukutani.

Siku yake ya mwisho, tarehe 9 Mei 2024, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alimshika mkewe mkono akamwambia, "Evelina, naogopa."

"Najua," alijibu. "Magamba ulipanda unaogopa hivi hivi."

Alitulia. Saa tisa alasiri akavuta pumzi yake ya mwisho, kitanda kikiwa katikati ya chumba.

Mmeketishwa upande wa barabara kwa agizo lake. Ukuta wa nyuma wa nyumba hii una ufa, njiti yake ipo, naye aliomba mtu yeyote asikae chini yake siku ya leo.

Ameacha mama yake Rahabu, mjane wake Evelina, watoto wake Modesta na Kristian, na wadogo zake Yunis na Rubeni. Mama Rahabu ameomba waongezwe Lulu na Jofrey, ambao leo wamebeba msalaba wake.

Bwana ampe pumziko la amani, na mvua isimtishe tena.