Mzee Aliyewasalimu Maiti

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu. Mimi mnayeniona nimesimama hapa Ifakara niliwahi kulazwa kaburini nikiwa hai.

Enzi za Wajerumani nilikuwa kijana, mkulima wa mpunga. Vita vya Maji Maji vilipozuka, nilikunywa ile dawa ya maji, nikaamini risasi hazitanidhuru. Ndugu zangu, tulipigwa vibaya ng'ambo ya mto Kilombero. Risasi ilinipata begani, nikaanguka chali kwenye tope.

Kulipokucha, ukungu ulitanda bondeni. Sikuweza kufumbua macho wala kusogeza kidole, lakini nilisikia kila kitu. Walikuja wanakijiji waliolazimishwa na askari kukusanya maiti. Aliyewaongoza ni Mzee Lihawa, mvuvi wa kabila la Wandamba, na kila maiti alimsalimu kabla ya kumwinua.

"Hujambo, mwanangu? Nimekuja kukuchukua."

Kimya. Anasogea kwa mwingine. "Hujambo, mwanangu?" Kimya. Sauti ile ikazidi kunikaribia.

Ikafika zamu yangu. Nilijaribu kuitikia, ulimi ukakataa.

"Afande," mzee akasema, "huyu ameniitikia."

Askari akanipiga teke. Sikutikisika. "Amekufa huyo. Mfukieni."

Wakanilaza shimoni juu ya wenzangu waliokwisha kupoa. Udongo ukaanza kunifunika miguu. Moyoni nikalia: Mungu nisiyekujua, nione!

Ndipo mtu akashuka shimoni, akakaa, akanishika mkono.

"Amesema, 'Sijambo, baba,'" Mzee Lihawa alisema. "Nimemsikia. Kama ni kumfukia, tufukieni wote wawili."

Majembe yakasimama. Nikasikia viatu vya askari vikirudi nyuma. "Mtoeni," akasema.

Mzee alinivusha kwa mtumbwi hadi kwake. Mkewe alininywesha uji mpaka nikapata nguvu. Siku nilipoweza kuzungumza, mzee alitega sikio.

"Sauti niliyoisikia siyo hii," alisema.

Mimi najua sikutamka neno. Ni nani aliyeitikia kwa kinywa changu? Miaka ilipita ndipo nikafundishwa jina lake, nikabatizwa, na mzee yule akabatizwa pamoja nami. Namshukuru Bwana kwa kila pumzi ninayovuta.

Ndugu yangu, labda leo umelemewa, hata kuomba huwezi. Usikate tamaa. Mtumaini Yeye. Mimi sikuwa na sauti wala imani, naye akanisikia.