Kakao Mbele, Président Nyuma

Mheshimiwa Bourgmestre, uliyeacha kazi nyingi ili uje kukata utepe wa mlango mmoja tu. Padre wetu mpendwa. Wakubwa wa jeshi na wa polisi. Wachefu wa mitaa. Wamama na wapapa wa kooperative. Nanyi ndugu wageni mlioshuka kutoka Butembo na vumbi la barabara lingali kwenye viatu: nawasalimu wote kwa heshima. Kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe kabla hajakasirika, maana mambo ya kupanga wakubwa yamekwisha kunitesa vya kutosha, na leo nitawaeleza.

Naitwa Paulin Syauswa, président wa kooperative ya wakulima wa kakao hapa Beni. Tunafungua leo biro ndogo, yaani ofisi, ya studio ya Séphora na Lusenge, hawa wa Butembo wanaotengeneza site za internet. Waliniomba niseme, kama mteja wao, namna wanavyofanya kazi. Mais, ndugu zangu, kueleza uzuri wa kazi yao bila kueleza ujinga wangu haiwezekani. Nilijaribu nyumbani, mbele ya bibi yangu, mama wa watoto wangu. Alicheka, akaniambia, "Sema tu yote, Papa Paulin, batu banajua tayari."

Mwaka uliopita kakao yetu ilikuwa imejaa dépôt, ghala letu, imekauka vizuri, na mvua ilikuwa imeanza. Mnajua kakao na unyevu: ikikaa inaota ukungu, na familia zilizolima zinabaki na magunia ya kutupa. Wanunuzi wa barabarani walijua shida yetu, wakataja bei ya dharau. Donc tukasema tutafute mnunuzi wa mbali, na mnunuzi wa mbali anataka kwanza akuone kwenye internet. Tukawaita Séphora na Lusenge.

Wao walileta maswali; mimi nikaleta picha. Nilikuwa nimeipiga kule Rughenda, uwanja wa ndege wa Butembo, nimevaa kostimu na kravati, nyuma yangu ndege. Msiniulize nilikuwa nasafiri wapi. Nilikuwa nimesindikiza mzigo wa shemeji. Nikaagiza picha ile ikae mbele na ijaze yote. Chini yake makamu wangu, chini yake katibu, kisha mweka hazina, kisha washauri mmoja mmoja, kila mtu na cheo chake na neno lake la kukaribisha wageni. Halafu kakao.

Séphora akaniambia kwa adabu, "Papa, mununuzi anakuya kutafuta kakao, hapana sura za batu. Tuweke kakao mbele."

Nikamjibu nini? Nikamjibu, "Mutoto yangu, mu kikao gani uliona kakao inasema mbele ya président?"

Je, kuna fundi anayeweza kushindana na neno kama hilo? Akaniomba tu waijaribu kwanza kwenye simu ya mkulima, huko shambani, kabla ya kuifungulia dunia. Ni desturi yao, hawafungui site bila hivyo. Nikakataa. Nilisema président amekwisha kuijaribu kwenye ordinateur, kompyuta ya ofisi, na imependeza sana.

Basi. Mtu wa Kampala anayetengeneza shokola akasikia habari zetu, akafungua site. Réseau, mtandao wa simu yake, ikamletea bawa la ndege na kravati yangu, ikachoka hapo. Akatuandikia kwa heshima kubwa: samahani, nilikuwa natafuta watu wa kakao, naona nimefika kwa watu wa ndege.

Chekeni. Mimi sikucheka. Nilipanda pikipiki mpaka Butembo kuwagombeza, na njia nzima nilikuwa napanga matusi ya Kifaransa. Nikakuta vyumba viwili, sahani za jua juu ya bati, hakuna groupe ya umeme inayonguruma, na Lusenge kwenye simu akimwambia mtu, "Hapana mwezi huu, Mama. Tukikupokea, hatutapata wakati ya kutembelea bale tuko nabo." Mfanyabiashara wa Butembo anakataa mteja! Ee bwana, nilidhani amepatwa na malaria.

Séphora hakubishana nami. Alinipa simu ndogo ya zamani, akaniketisha nje kwenye réseau dhaifu, akaniletea chai, akasema, "Papa, tafuta kakao yako." Nikatafuta. Nilipita sura yangu, nikapita ya makamu, chai ikapoa, baridi ya kule ikaniingia kwenye mifupa, na waliponiita kula nilikuwa nimefika kwa mshauri wa pili. Niliona haya, ndugu zangu. Mlikuwa mnanitegemea, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa dépôt yenu nikizuia njia kwa kravati.

Lakini kutoa sura ya mkubwa si kazi ya mashine. Tunajuana: ukimtoa mmoja, ukoo mzima unauliza amekosa nini. Kwa hiyo Séphora na Lusenge walishuka Beni, wakaketi na comité, wakapitisha ile simu mkono kwa mkono bila kumlaumu mtu. Ndipo Mama Débora, mweka hazina wetu, akasema, "Sura yangu haiyauzisha hata gunia moya. Mutoe ya kwangu." Wengine wakafuata. Wa mwisho nilikuwa mimi, na nilifuata polepole.

Site ya leo inafunguka na kakao, mahali tulipo, na namba ya Elsa wa dépôt. Ni nyepesi, hata réseau ikilegea inafunguka. Elsa amefundishwa kubadilisha habari yeye mwenyewe, na funguo zote za site, maneno yake ya siri, wametuachia sisi. Wanarudi kila mwezi kuangalia, barabara ikiruhusu. Isiporuhusu, wanapiga simu. Yule wa Kampala akarudi, akaona, akampigia Elsa, si mimi. Gari likafika ukungu haujagusa kitu. Siku magunia yalipotoka wamama waliimba, mimi nililia waziwazi, na hakuna aliyenipiga picha.

Sasa, Mheshimiwa Bourgmestre, kabla hujashika mkasi, niruhusu jambo moja. Séphora, mwanangu, simama watu wakuone. Mbele ya serikali, mbele ya Padre, nakuomba: hata kapicha kadogo, kule chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayefika?

Mmeona? Anatikisa kichwa. Na bibi yangu anapiga makofi!

Ndugu zangu wa studio, kakao ya msimu huu imeanza kuanikwa, na ada za shule za watoto wetu zimo ndani yake. Mkiwa na biro hapa karibu, tutawaletea mawazo yetu ya ajabu kila asubuhi, tumevaa kravati, tumekaza sauti. Tafadhali, msichoke kutukatalia.

Wasingya. Aksanti sana kwa kunivumilia mpaka hapa.