Kipepeo Mmoja wa Lokiriama

Sikilizeni, Abei binti yangu, nawe Nhial mkwe wangu, maana pumzi niliyobakiwa nayo hainiruhusu kusema jambo mara mbili.

Nianze na yasiyo na mgogoro. Sisi watatu na wataalamu wa Nairobi tumekubaliana kwamba vipepeo weupe tuliowakusanya Lopur, Lorugum na hapa Lodwar wana mstari wa kahawia uliokatika katikati, upande wa chini wa bawa la nyuma, ilhali jamaa zao wote wana mstari mzima. Tumekubaliana pia kwamba DNA iliyotolewa miguuni mwao inawatenga na jamaa hao. Bawa na DNA ni mashahidi wasiojuana, na wametoa ushahidi mmoja. Kwa hayo peke yake ningeridhia wapewe jenasi ndogo yao, yaani ukoo wenye jina lake ndani ya jenasi kubwa.

Ila yupo kipepeo wa Lokiriama. Mstari wake umekatika, lakini DNA yake inamrudisha kwa wale wengine. Abei, wewe wataka aachwe nje ya makala tunayoandika kuwatangaza, kwa hoja kwamba huenda mguu wake ulichafuliwa maabara. Nhial, wewe wataka mguu mwingine upimwe kwanza, hata jina likichelewa. Jana mlidhani nimelala, mkabishana mkiitana kwa jina la mjukuu wangu, Abei ukianza:

"Baba Akuei, umeuza macho yako kwa mashine?"

"Mama Akuei, angalau mashine haina mjomba Lokiriama wa kumpendelea."

Nilicheka, kisha kifua kikanibana.

Nilipokuwa hakimu, watu waliniletea kesi za mifugo wakiapa kwa chapa. Lakini Mturkana humpa rafiki yake ng'ombe, na ng'ombe huyo huzeekea kwa rafiki akiwa bado na chapa ya aliyemtoa. Chapa ni ya kweli, na dai linalojengwa juu yake laweza kuwa la uongo. Kwa hiyo sikuipokea chapa bila kuuliza mnyama alizaliwa zizi gani, wala sikumpokea aliyesema alishuhudia kuzaliwa bila kuuliza alisimama wapi alipoona. Maabara nayo haina kinga dhidi ya kuulizwa.

Abei, najua unaharakisha ili nife nikiwa nimeliona jina langu juu ya ukoo huo. Nakushukuru, mama. Hilo lakini haliingii katika ushahidi.

Nyumba hii ni ya Abei. Hadubini ni ya Nhial. Mbuzi wa Lorugum gawaneni sawa. Sanduku la vipepeo lisigawanywe kamwe. Ni lenu wote wawili, na makala isitoke bila sahihi zenu zote mbili.

Nisogezeeni kata ya maji... Inamisheni vichwa niwanyunyizie. Mbuzi wenu wazae. Akuei akue, awazike nyinyi, msimzike yeye. Mungu awape... subirini, nipumue.

Sanduku nimeliacha wazi. Yule wa Lokiriama yumo, kwenye pini yake. Mimi nimeshasikiliza pande zote mbili, na sitatoa hukumu... Mtazameni wenyewe, muamue.