Kofia Zimefika, Daraja Bado

Mgeni rasmi, wewe mkuu wa karakana iliyotengeneza gemu ya Reli ya Mlimani, mwalimu wetu, na majirani mliokuja kuona kompyuta hizi mpya zikikabidhiwa: kabla ya kuandika risala hii tulifumba macho tukaomba tusiseme neno la kuumiza, wala tusifiche la kweli.

KARIBU CHUMBANI KWETU

Mchana chumba hiki ni stoo ya viti. Jioni ni darasa la watu wazima. Sisi ni washonaji, mafundi bomba, walinzi na wapishi, na wengi wetu tulishika kalamu tukiwa tayari tuna wajukuu. Kompyuta zako tunazipokea kwa mikono miwili. Ile ya zamani ilinguruma kama pikipiki, lakini ndiyo iliyotukutanisha na gemu yako.

JINSI TULIVYOINUNUA

Mwenzetu mmoja tunamwita Dereva. Ujana wake wote aliendesha treni ndogo ya kiwandani, kutoka ghala hadi ghala, bila kuvuka hata mto mmoja. Jioni moja aliona tangazo lako. Akaweka kidole kwenye skrini, akasoma kwa sauti: "Pata mapema! Endesha treni hadi kileleni." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza bila kusaidiwa na mwalimu. Tulipiga makofi, wengine tukalia, kisha tukachanga tukainunua.

Mgeni rasmi, neno "mapema" tulilielewa kama tunavyolijua sisi: anayewahi dukani hupata mkate wa moto. Hatukujua kuna kuwahi kwingine, unafika na unga bado unakandwa.

TULICHOPATA

Mazuri hatuyakatai. Vibao vya njiani, "Punguza mwendo", "Piga honi", "Funga milango", vimetufundisha kusoma haraka kuliko ubao. Dereva, aliyekuwa akisoma silabi moja moja, leo anatukaripia: "Shemeji, umeandikiwa punguza! Unakimbilia wapi, umeacha chungu jikoni?"

KILICHOTUSHTUA

Siku ya kwanza, treni iliposimama kituoni, abiria waligeuka kututazama. Hawakuwa na nyuso. Hakuna macho, hakuna pua, hakuna mdomo. Mama Sindano, mshonaji wetu, aliangusha kiti. "Kwa jina la Mungu, zima! Zima kitu hicho!" Tulizima, tukakemea, tukaomba. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akatueleza kwamba nyuso bado zinachorwa.

"Bado zinachorwa, na wameshauza?" aliuliza Mama Sindano.

"Ndivyo biashara hii ilivyo, mama."

"Mimi pia huchukua malipo kabla sijakata kitambaa. Lakini mteja anajua kwamba gauni bado ni kitambaa. Simvalishi mkono mmoja nikamwambia haya, nenda harusini!"

Tulizizoea zile nyuso. Daraja hatukulizoea. Reli inapanda vizuri mpaka mtoni, halafu inakatika. Mbele ni hewa, na bango: "Daraja linakuja hivi karibuni." Dereva aliliamini bango lile. Kila kipindi alifikisha treni pale, akafunga breki, akapiga honi, akangoja.

Kisha tukapata habari kwamba toleo jipya limetoka. Tulishukuru kwa sala, tukafungua. Zilikuwa kofia. Kofia za dereva, nyekundu na za manyoya, nazo zinauzwa! Dereva mwenyewe alisema, "Jamani, treni haivuki mto kwa kofia."

TUNACHOOMBA

Tulibishana hapa kama ni haki mtu kulipia gemu ambayo haijakamilika. Fundi bomba alisema hapana: "Bomba lisilofika jikoni, mimi silipwi." Mama Sindano akamjibu, "Na wachoraji watakula nini wakiwa kazini, hewa ya lile daraja?" Tukakubaliana hivi: anayetaka kulipa alipe, ila aambiwe anachonunua. Kwa hiyo tunaomba uliondoe neno "mapema" kwenye tangazo, uandike "haijaisha", kwa herufi ambazo hata sisi hazitupiti. Na daraja litangulie, kofia zifuate.

Hatuombi kurudishiwa fedha.

Kuna jambo ambalo Dereva alitukataza kulisema, nasi tulimwambia usoni kwamba tutalisema. Daktari wa macho amemwambia nuru yake inafifia na haitarudi. Sasa, akiikaribia, anaona katikati ya skrini tu. Pembeni na mbali ni ukungu. Alipouliza itazimika lini, daktari alimjibu, "Hivi karibuni." Mgeni rasmi, maneno hayo sasa ameyapata kwako na kwa daktari. Hatujui ya nani yatatimia kwanza.

Yupo hapa, kiti cha mbele. Baada ya kununa siku nzima, alituomba tuongeze maneno yake mwenyewe: "Mwambieni mgeni asihangaike na nyuso. Daraja libebe treni tu, hata likiwa la mbao tupu. Abiria nitawavusha hivyo hivyo. Siku hizi hata ninyi nawaona hamna nyuso, na bado nawajua."

Mungu aibariki mikono ya wachoraji wako. Akurudishe nyumbani salama, na kila mto utakaoufikia, ukute daraja.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni, Chumba cha Viti