Fundi Verzo na Merikebu Aliyoifumua

Tarehe mosi Juni, baada ya miaka ishirini na sita katika uwanja wa kuundia merikebu za kikosi cha Roma hapa Misenum, fundi mkuu Verzo anakabidhi tezo yake ya kuchongea mbao na kurudi kwao Dalmatia. Wakubwa wameniomba niandike maneno ya kusomwa kwenye karamu ya kumuaga, kwa kuwa nimefanya kazi naye banda moja tangu alipofika. Wamesema yawe ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Alikuja kijana mwembamba, Kilatini chake cha kubahatisha, na hakujua kuogelea. Hadi leo hajui. Siku ya kushusha majini merikebu ya kwanza aliyoitia mkono, alirudi nyuma kidogo ili aitazame vizuri, akarudi tena, akarudi tena, gati likaisha. Mpishi wa kikosi ndiye aliyemvuta kwa kasia, kisha akatangaza mbele ya umati, "Jamani, nimevua Mdalmatia! Nani ana kitunguu?" Kwa muda mrefu baada ya hapo tulimwita Kitunguu, naye aliitika.

Fundi mkuu wa siku zile alikuwa mzee Damippus wa Sirakusa. Uwanja mzima ulimwita Baba. Alimchukua Verzo nyumbani kwake, akamfundisha kazi na lugha kwa pamoja, kiasi kwamba kijana alijua kutaja mataruma yote, zile mbavu za merikebu, kabla hajajua kuomba maji ya kunywa. Wakiwa kazini mzee alipenda kusimulia. Warumi wa kale, alisema, hawakuwa watu wa bahari. Waliokota merikebu ya Wakarthago, adui zao, iliyokwama mchangani, wakaiiga ubao kwa ubao. Kisha wakabuni daraja lenye mdomo wa kunguru, la kuangushwa juu ya sitaha ya adui ili askari wavuke kama watu wanaoruka mtaro. Daraja lile liliwapa ushindi, halafu likawa balaa, maana upepo ukivuma merikebu inalala ubavu. Wakaliacha, wakazidisha ukubwa: makasia zaidi, minara, mitambo ya kurushia mawe.

Damippus aliamini ukubwa. Kipenzi chake kilikuwa merikebu Juno, aliyoiunda mwenyewe, yenye wapiga makasia watano kwa kila fungu na pembe ya shaba omoni, ya kugongea merikebu za adui, ambayo watu wawili hawakuweza kuikumbatia. Lakini Verzo alizaliwa kwenye pwani ya visiwa, ambako watu huunda liburna: nyembamba, nyepesi, ngazi mbili tu za makasia. Wawili hao walibishana kila siku mchana, midomo imejaa mkate na jibini.

"Hicho chenu ni kihori cha kuvulia pweza," mzee alimwambia. "Ukipiga chafya ndani yake, kinapinduka."

"Bora nipinduke nikiwa nimeshafika, Baba. Juno yako bado inageuza shingo."

"We Kitunguu, utakula viboko!"

Nasi tulicheka, na mzee alicheka kuliko wote. Ubishi ule ulikuwa wa watu wanaopendana.

Hapo ndipo kazi ya kuchangamsha inaponishinda. Verzo alianza kuunda liburna yake kwenye banda la nyuma, kwa mbao zilizobaki. Akaenda kwa mkuu wa kikosi, akaomba ishindanishwe na Juno. Mkuu, aliyekuwa amechoka kulisha wapiga makasia mia tatu kwa kila merikebu kubwa wakati maadui waliobaki ni maharamia tu, alikubali papo hapo. Haya yote Verzo hakumwambia Damippus. Walikuwa wakilala nyumba moja. Mzee alipata habari kwa mlinzi wa lango, aliyemuuliza, "Baba, umejiandaaje na mashindano ya kesho?"

Nilikuwepo. Mzee alimtazama yule mlinzi, akasema, "Vizuri," akapita.

Njia ilikuwa kuzunguka kisiwa cha Prochyta na kurudi. Walipofika upande wa pili, upepo ukageuka. Juno ilipoingia bandarini, jasho na matusi vimewajaa wapiga makasia wake, wenzao wa liburna walikuwa wameketi gatini wakimenya mayai. Uwanja ulishangilia. Verzo alibebwa mabegani. Damippus alishuka mwenyewe kutoka shetrini, nyuma ya merikebu, pole pole, na hakuna aliyempa mkono.

Wiki ile ile mkuu aliagiza Juno ivunjwe, na mbao zake ziundiwe liburna. Kazi alipewa Verzo. Angeweza kuomba apewe mwingine. Aliniambia baadaye kwamba alidhani kukataa kungemdhalilisha mzee zaidi. Labda ni kweli. Labda alikuwa kijana tu, na aliyeagiza alikuwa mkubwa.

Hakutumia shoka. Alitoboa vigingi kimoja kimoja, akazichomoa zile ndimi za mwaloni zinazounganisha ubao na ubao, akaishusha Juno kwa mpangilio ule ule iliopandishwa, ila kinyume. Damippus alikuja na kigoda kila asubuhi, akaketi kivulini, akatazama. Alikuwa ameshahamia kwa dada yake, mjini Puteoli. Hakumsemesha Verzo. Mara nyingi nilimwona Verzo akisimama na patasi mkononi, anafungua mdomo, kisha anainama tena.

Siku mkuku, ule uti wa mgongo wa merikebu, ulipobaki peke yake, mzee alisimama, akausogelea, akaupapasa.

"Baba," Verzo alisema, "nilitaka kukwambia. Kabla."

Damippus alikuwa akiangalia mbao zilizopangwa. "Umeifumua vizuri," akasema. Akachukua kigoda chake, akaondoka. Majira ya baridi akafariki.

Miaka mingi Verzo ameniuliza maneno yale yalikuwa sifa au lawama. Mwanzoni nilimjibu kwamba ni sifa. Siku hizi namwambia sijui.

Yaliyofuata mnayajua. Liburna zake ziko Sardinia, ziko Misri, ziko hata kwenye mito ya kaskazini. Wale mabaharia waliotoka wazima kwenye dhoruba ya Korsika walimletea mbuzi wa shukrani, naye mkewe Plotia akamfuga badala ya kumchinja, na yule mbuzi akatafuna michoro ya merikebu mbili. Verzo hakukasirika. Alisema zilikuwa na makosa. Lakini hakuwahi kukubali kuitwa Baba. Kijana yeyote aliyejaribu alijibiwa, "Mimi ni fundi. Niite fundi."

Wiki iliyopita mkuu wa kikosi alimtaka aseme machache mbele ya wafanyakazi. Akasema moja tu: "Najua yupo humu mwenye kitu bora kuliko changu. Asiniache nisikie kwa mlinzi wa lango."

Kesho yake mchana fundi Nonius, anayechukua nafasi yake, alikwenda nyumbani kwa Verzo na jagi la divai. Plotia amenisimulia. Nonius alikaa muda mrefu bila kugusa chakula, kisha akasema yote. Kwamba anataka ngazi moja tu ya makasia. Kwamba anataka kuiondoa pembe ya shaba, maana hakuna anayegonga tena. Kwamba mkuu ameshaulizwa, na amekubali. Kwamba liburna tatu za kwanza za Verzo zitavunjwa ifikapo vuli.

Verzo aliuliza maswali ya fundi: kina, upana, uzito wa sitaha. Alikosoa mawili, akakiri moja ni bora kuliko lake. Halafu akamsogezea Nonius sahani ya dengu.

"Inaniuma," akasema. "Inaniuma sana, mwanangu. Asante kwa kuja."

Plotia anasema walikula.

Fundi Verzo, uwanja huu unakushukuru kwa kila chombo kilichorudisha watu nyumbani. Uvuke salama wewe, Plotia na yule mbuzi, upate afya na usingizi mzuri kwenye visiwa vyenu, na walau mtu mmoja huko wa kubishana naye wakati wa chakula.