Shangazi Anavua Hedfoni

Baada ya miaka ishirini na tisa kwenye mitambo ya klabu yetu, Shangazi anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Wahudumu wapya wanadhani hilo ndilo jina lake la kuzaliwa. Alipewa na waimbaji, maana aliwakaripia kama watoto wa kaka yake, kisha akawamiminia chai.

Hakuja kwetu kama DJ. Aliitwa kutengeneza amplifaya iliyokuwa ikinguruma. Meneja wa wakati ule alimkuta bado yupo, ameinamia santuri.

"Kama umemaliza, mbona huondoki?"

"Mgonjwa akishonwa haruhusiwi siku hiyohiyo," alijibu. "Ngoja nimsikilize."

Aliweka santuri moja, halafu nyingine. Wapishi wakatoka jikoni wakicheza na aproni zao. Kufikia jioni alikuwa ameajiriwa.

Miaka sita baadaye aliomba stoo ya kreti za soda, akaigeuza studio. Kuta alizivika magodoro chakavu na trei za mayai. Kila aliporekodi ilibidi friji la baa lizimwe, kwani mngurumo wake ulipenya ukutani. Siku moja alisahau kuliwasha. Wateja walikunywa soda za uvuguvugu, na mhudumu wa baa akamnunia wiki nzima. Wimbo wa siku ile ulipigwa redioni mwaka mzima, na mhudumu huyohuyo ndiye aliyeuimba kwa sauti kuliko wote.

Mwimbaji mwoga alikuwa halali yake. "Unaimba kama mgeni anayeomba maji," alikuwa akimwambia. "Imba kama mwenye nyumba!"

Sauti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mdogo wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja Jumamosi asubuhi kuitikia katika nyimbo za wengine. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, safi. Alipougua, alimwomba dada yake amrekodie wimbo mmoja ulio wake mwenyewe. Waliurekodi kwa siku tatu, mgonjwa akiwa kitini, akipumzika kila baada ya ubeti. Wiki tano baadaye tulimzika.

Mwaka mzima Shangazi hakuugusa wimbo ule. Alipoufungua hatimaye, alikaa nao peke yake asubuhi yote, kisha akaniita mimi, fundi mitambo wake.

"Faili limeharibika," alisema. "Sauti ya mdogo wangu imefifia."

Nilivaa hedfoni, nikashtuka. Alikuwa ameipandisha sauti mpaka inachoma masikio. Nilipoinua macho, nilimkuta ananitazama midomo.

"Dada," nilisema, maana siku ile sikuweza kumwita Shangazi, "faili ni zima."

Alinivua hedfoni. Alikunja waya wake polepole, akaziweka mezani, akafunika uso kwa viganja.

Daktari alisema masikio yameharibiwa na kelele za miaka mingi, na kwamba sauti nyembamba za juu ndizo hutangulia kuondoka. Ndipo tulipojua kuwa kwa muda mrefu alikuwa akitusoma midomo, nasi tukidhani ni mapenzi tu ndiyo yanayomfanya asituondolee macho.

Alishauriwa aache kazi mara moja. Alikataa mpaka wimbo uishe. Mimi nikawa masikio yake. Aliweka kiganja kwenye spika na kuuliza, "Gitaa linamfunika? Usinidanganye." Mara moja, kwa uchovu, nilisema iko sawa wakati haikuwa sawa. Alinirudishia hedfoni. Nikarudia kusikiliza, nikamwambia kweli.

Kuna mahali aliona kialama kwenye skrini.

"Hako kadogo ni nini?"

"Pumzi yake, kabla ya ubeti wa mwisho. Nikakate?"

"Ukikakata, nakukata wewe."

Kamebaki.

Wimbo ulikamilika mwezi uliopita. Sisi tunausikia, yeye anausikia kwa mbali tu, bila ile sauti iliyomfanya aumalize. Sina neno la kumfariji kwa hilo, na sitajifanya ninalo.

Wiki ijayo anahamia nyumba ya marehemu kuwalea binti zake wawili, wanaomwita mama mkubwa. Wamekwishajifunza kumgusa bega kwanza, kisha kusema wakimtazama. Wanapogombana humpa mgongo ili asijue. Yeye hugundua tu.

Shangazi, kwa niaba ya watu wa jikoni, wa baa, wa mlangoni, na kila mwimbaji uliyemkaripia mpaka akaimba, ahsante. Nyumba ile ikupokee vyema, na utulivu wako usiwe wa upweke. Ijumaa hakutakuwa na hotuba. Tuliogopa kipaza sauti kingekunyima nusu ya maneno, ndiyo maana tumeyaandika yote hapa, lisikupotee hata moja.