Kondoo Asiye na Ila

Sogeeni wanangu. Wewe Mchungaji toka hapo dirishani, na wewe Mwalimu toka hapo mlangoni, mje mkae kitandani kwangu, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kitanda hiki kimenibeba mimi na mama yenu miaka yote ile, hakitavunjika kwa uzito wa ugomvi wenu. Daktari alizungumza nanyi huko nje kwa sauti ya chini, akidhani ukuta wa chumba hiki cha nyuma ya bucha ni mnene. Nilisikia kila neno. Basi nyamazeni mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia jambo mara mbili.

Bucha nawaachia wote wawili, na sikuligawa. Mizani, gogo la kukatia, ndoano kumi na nne, na friji lile linalonguruma kuliko mimi, vyote ni vyenu pamoja. Kisu kirefu chenye mpini wa pembe ni cha Mwalimu, kwa sababu tangu akiwa mdogo mkono wake haukutetemeka. Kinoo nampa Mchungaji, ili kisu kikiwa butu dada yake ambishie hodi. Mtasema mzee mjanja. Nimekaa na mifupa miaka arobaini na tano, najua mahali viungo vinapokutana.

Sasa tuje kwa Elfu, yule kondoo mzee hapo uani, ambaye kila mmoja wenu amekuja leo akiwa na hotuba yake mfukoni.

Mnaikumbuka Jumapili ile, miaka kumi na moja iliyopita, mama yenu ana miezi miwili kaburini. Mchungaji ulikuwa ndiyo kwanza umetoka chuo cha Biblia, umerudi na kitambaa chenye mchoro wa nyakati zote tangu Adamu, kirefu hivi kwamba hapakuwa na ukuta wa kukitosha. Ukakitundika kwenye ndoano zangu. Wiki nzima wateja walinyoosha kidole kuonyesha mbavu wanazotaka, wakawa wanaonyesha Dhiki Kuu. Ukatufundisha mezani kwamba Bwana akirudi atatawala hapa hapa duniani miaka elfu kamili ya kalenda, hekalu litajengwa upya, na madhabahuni watachinja tena wanyama wasio na ila, si kwa kuondoa dhambi bali kwa ukumbusho. Mwalimu ukaweka kijiko chini. Ukasema miaka elfu ni lugha ya mafumbo, utawala umeshaanza mioyoni mwa watu, na habari za kuchinja zilikwisha msalabani, asije mtu na kitambaa chake kuturudisha nyuma.

Mimi nikauliza swali la fundi: huko hekaluni nani atachinja? Mchungaji ukajibu kwamba ni makuhani, wana wa ukoo maalumu. Iliniuma, mwanangu, na leo naisema. Miaka yote hakuna mteja aliyenirudishia hata kipande cha nyama, halafu kazi kubwa kuliko zote za uchinjaji inakuja na mimi sina nafasi. Nikamgeukia Mwalimu, nikamuuliza, kama tumo ndani ya utawala huo sasa hivi, mbona umeme umekatika tangu jana na maini yanaoza kwenye friji? Ukanuna. Wote wawili mkaninunia, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mlipokubaliana jambo.

Ndipo Mchungaji ukatoka uani ukamwona kondoo, wa mwaka mmoja, mweupe, macho safi, kwato safi. Ukasema huyu asichinjwe, atunzwe, waumini waje waone sadaka isiyo na ila inavyofanana. Mwalimu ukasema achinjwe leo leo, watoto wa shule ya Jumapili wapate nyama, maana kumtunza ni kuutukana msalaba. Sahani ikavunjika. Tangu siku hiyo hamjala meza moja, na wajukuu zangu wakikutana sokoni wanapishana kama watu wa mbali. Wagombanapo ndugu, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Mimi jembe lilinishinda, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niwaite.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo ninacho hapa, kwa hiyo acheni nijiumbue mwenyewe. Kondoo yule nilimnunua Alhamisi, nikitaka anenepe. Na kondoo wa kunenepesha mnajua mchinjaji humfanya nini. Nilimhasi Alhamisi ile ile, kwa mikono hii, siku tatu kabla ya mahubiri yenu. Mchungaji usinitazame hivyo. Unayajua Maandiko kuliko mimi: mnyama aliyehasiwa hafai madhabahuni, asilani, awe wa ukumbusho au wa dhambi. Elfu alikuwa na ila kabla hujamsifia. Miaka kumi na moja unamkagua meno, unamfuta macho kwa leso yako mwenyewe, na hata siku moja hukuinua mkia. Ndiyo, Mwalimu, cheka. Nawe pia hukuinua. Ungeinua, ungeshinda kesi siku ya kwanza.

Mnataka kujua kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa mgane, wanangu. Nyumba ilinyamaza hata nikawa nasikia mizani ikitikisika. Kisha Jumatatu akaja Mchungaji kumkagua kondoo, akakaa, akanywa chai. Ijumaa akaja Mwalimu kuuliza kama bado hajachinjwa, akanipikia, akanisimulia ya watoto. Nikaona nikisema neno moja, kondoo ataliwa, na nyinyi hamtakuwa na sababu ya kuja. Ugomvi wenu ndio ulionilisha. Mimi niliyepaswa kuwapatanisha niliwalisha majani ya ugomvi kila wiki, huku ile sadaka changa ikizeeka, sasa ina jicho moja na haina jino. Niliwaibia undugu wenu kwa sababu ya upweke wangu. Nisameheni.

Nani kati yenu yuko sahihi kuhusu miaka elfu? Sijui. Nimemwaga damu maisha yangu yote, na aproni yangu haijatakata kwa damu hata siku moja. Hapo Mwalimu ana neno. Lakini ipo aproni moja aliyonifunga mama yenu asubuhi ya mwisho, sijaifua, na nikiishika namkumbuka mpaka harufu ya mikono yake. Hapo Mchungaji naye ana neno. Mengine mtamuuliza Mwenyewe mkifika, na muda wa kujibiwa hautakosekana.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Siku ya kunizika, Mchungaji aombe na Mwalimu asome, na mtu asichore nyakati. Kitambaa kile kishoneni pazia la mlango wa bucha, nzi wamezidi. Na Elfu... Elfu msimchinje, wala msimtunzie hekalu. Mkatieni majani laini. Mmoja amshike kichwa, mwingine amtilie mdomoni, maana ukiwa peke yako anakataa. Nimejaribu. Anataka mikono minne.

Mungu wa baba zangu awabariki... mkitoka na mkiingia. Awape watoto wasiopishana njiani. Leteni mikono. Si mkononi mwangu. Hapo, juu ya kifua changu, wa huyu juu ya wa huyu. Hivyo hivyo. Hamjambo, wanangu... mikono bado ina joto.

Sasa mnasikia? Elfu analia huko, hajala tangu asubuhi. Nendeni. Wote wawili, nimesema. Na dirisha la uani... liacheni wazi, niwaone.